Mtumishi Mtulivu

Marafiki walionifahamu tangu enzi za chaki hushangaa wanaponikuta barazani kwangu, hapa mjini Morogoro, nimepakata kompyuta huku Uluguru ikiwa imejifunika ukungu mbele yangu. "Mwalimu, hata wewe?" huniuliza. Hata mimi, tena kwa kuchelewa. Kizazi chetu hakikulelewa na mashine hizi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katika miaka niliyoanza kazi, mashine ya kutisha kuliko zote shuleni ilikuwa ile ya kurudufu mitihani, iliyotupaka wino hadi viwikoni. Nilibonyeza kitufe cha kompyuta kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka hamsini na ushei.

Katika insha hii napenda kupima jambo ambalo watu wengi hawajui kuwa linaweza kupimwa. Kompyuta haifanyi kazi bila mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha mashine, kuyapanga mafaili na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Mtu hununua kompyuta, akaikuta na mfumo fulani ndani yake, akaupokea kama alivyopokea jina la ukoo. Hajiulizi kama upo mwingine. Mimi nilijiuliza, lakini si kwa busara yangu. Nilijiuliza kwa sababu ya kosa, na sina budi kuliungama kosa hilo kabla ya kuhukumu kazi za wengine.

Mwaka 2007 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, baada ya miaka mingi ya kuongoza shule za sekondari. Tulikuwa na kompyuta chache zilizotumia Windows XP, nakala ambayo sikumbuki kama tuliilipia. Kijana mmoja mkufunzi, hodari na mpole, ndiye aliyekabidhiwa kuingiza alama za mazoezi ya kufundisha za wanachuo wote. Siku mbili kabla ya kuzipeleka wizarani, folda ya alama ilitoweka. Tulitafuta mchana kutwa hatukuiona. Watu waliokuwa wameigusa kompyuta ile walikuwa wawili tu: yeye na mimi. Na kwa kuwa mimi nilikuwa Mkuu, mkosaji alijulikana mapema.

"Mkuu, sikufuta kitu. Naomba uniamini," alisema akiwa amesimama mbele ya meza yangu.

Sikumwamini. Nilimwandikia barua ya onyo, nakala ikaingia kwenye jalada lake. Alama tuliziingiza upya kutoka kwenye karatasi, usiku na mchana, naye akifanya kazi kuliko sote bila kuninyanyulia uso. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho.

Mwaka 2009 mpwa wangu, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, alinitembelea akiwa na CD ya mfumo uitwao Ubuntu. Siku zile kampuni iliyoutengeneza iliwatumia watu CD kwa posta bila malipo. Aliiweka katika kompyuta yangu, ikaiamsha bila kugusa chochote kilichokuwamo. "Mjomba, hebu leta hiyo flashi yako," akasema. Nikampa. Ilipofunguka, folda ya alama za mwaka 2007 ilikuwa pale, nzima, pamoja na faili moja lenye jina la ajabu.

Mpwa wangu alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Virusi vya aina ile vilihamia kompyuta kwa flashi, kwa kuwa Windows ya wakati ule ilikuwa tayari kuendesha chochote ilichoagizwa na flashi iliyochomekwa. Vikishaingia, huzificha folda za kweli na kuweka mahali pake faili lenye sura ya folda. Mfumo wa Ubuntu hauifuati alama ile ya kuficha, wala programu ya Windows haiwezi kujiendesha ndani yake. Ndiyo maana tuliona kila kitu. Alama hazikufutwa. Zilifichwa, kwenye kompyuta ya chuo na kwenye flashi yangu pia. Na virusi vililetwa na flashi hiyo hiyo, niliyokuwa nikienda nayo mjini kuchapisha barua zangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilikuwa mfukoni.

Nilipanda basi Msamvu nikamfuata kijana yule alikohamia. Alinipokea kwa shikamoo na chai, akasema, "Yamepita, Mkuu." Lakini barua iliyo kwenye jalada haipiti yenyewe. Nilikuwa bado sijastaafu, basi nikaandika nyingine ya kuifuta, nikahakikisha imefika ilikopaswa kufika. Tangu hapo siamini kwamba mfumo endeshi ni suala la mafundi peke yao. Mfumo usioeleweka na anayeutumia humfanya mwenye cheo amhukumu asiye na cheo kwa kosa la mashine.

Sasa mizani. Sisi watu wa Uluguru tuna somo la kale kuhusu kazi isiyo na faida. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Katika karatasi mpango ulipendeza. Kwenye mteremko, uchimbaji ule ulifukia udongo mzuri na kuleta juu ule usio na rutuba, na jasho likawa jingi kuliko mavuno. Mwaka 1955 yakazuka machafuko, na mpango ukaachwa. Wazee wetu hawakuwa wavivu. Mifereji yao ya maji waliisafisha wenyewe bila kushurutishwa, kwa kuwa waliona maji yakifika shambani. Kutokana na hayo nauliza kila mfumo maswali mawili. Je, unanidai kazi isiyonirudishia kitu? Na pili, nani anayeusafisha mfereji wake?

Nilijifunga kwenye mifumo huria, na neno huria lisimchanganye msomaji. Halina maana ya bure tu. Maana yake ni kwamba maandishi asilia ya programu yako wazi: yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Wazo hili lilipewa nguvu na Mmarekani Richard Stallman kuanzia mwaka 1983, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini kinachoitwa Linux. Juu ya kiini hicho imejengwa mifumo mingi, kama vile mapishi mengi yanavyotoka katika unga mmoja. Mitatu nimeishi nayo.

Naanza na Ubuntu kwa kuwa ndio ulionifumbua macho. Ulitolewa Oktoba 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Jina lake ni neno la lugha za Kinguni ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulielewa: ni utu. Kwa mgeni ulikuwa na ukarimu mkubwa. Ulisimikwa kwa nusu saa, ukanikuta na printa yangu ukaitambua. Ningeweza kuusifu hadi mwisho, kama usingekuwa na tabia ya kijana wa mjini ya kubadili mavazi. Mwaka 2011 waliuvika sura mpya waliyoiita Unity. Nilipokwisha kukariri kila kitufe kilipo, niliamka nikakuta menyu zimehamishwa na safu ya picha imesimama ukutani kushoto. Nilijifunza upya. Mwaka 2017 kampuni ikatangaza kuiacha sura ile ile iliyotusumbua kuizoea. Sisemi kwamba sura mpya ilikuwa mbaya. Nasema kwamba kazi ya kujifunza haikunirudishia chochote. Hayo kwangu ni matuta. Kwa anayetaka Ubuntu, namshauri achukue toleo lile la kila baada ya miaka miwili, linalotunzwa kwa miaka mitano, na asiyafukuze yale ya kila miezi sita.

Linux Mint, ulioanzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, ni kama jirani aliyeona fujo ile akafungua duka la pili lenye rafu zile zile za zamani. Umejengwa juu ya Ubuntu, lakini sura yake inamtuliza mtu aliyetoka Windows: kitufe cha kuanzia chini kushoto, saa chini kulia, na hakuna mahubiri. Una programu ya kupiga picha ya hali ya mfumo, ili mambo yakiharibika mtu aweze kurudi jana. Kwa mwalimu wa kawaida asiye na mpwa wa kumwita, sijaona mwema kuliko huu. Ila mfereji wake unasafishwa na watu wachache. Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti yao wakawaelekeza watu kwenye nakala iliyotiwa sumu. Wahusika walitangaza aibu yao wenyewe mara moja, na hilo nimewaandikia upande wa sifa. Mtunzaji anayekiri ni bora kuliko anayeficha. Mimi ni shahidi.

Wa tatu ni Debian, babu wa hao wawili, kwani Ubuntu wenyewe umechota humo. Ulianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyeunganisha jina la mchumba wake Debra na lake. Murdock alifariki mwaka 2015, lakini kazi haikuyumba, kwa kuwa alikwisha kuiacha mikononi mwa jumuiya. Hakuna kampuni inayoimiliki. Ni watu wa kujitolea wa nchi nyingi, wenye mkataba wao na umma na kiongozi wanayemchagua kwa kura kila mwaka. Toleo thabiti hutoka takriban kila miaka miwili, nalo likishatoka halibadiliki tena isipokuwa kuzibwa nyufa za usalama. Linatunzwa miaka mitano kwa jumla. Vijana wanalicheka kwamba lina programu za zamani. Mimi nilifundisha kwa kitabu kimoja miaka kumi na mmoja na wanafunzi wangu walifaulu.

Hata hivyo Debian una dhambi yake, na mhakiki hapaswi kuinyamazia. Kwa miaka mingi, kwa ajili ya usafi wa imani, waliacha kuweka katika diski yao ya kusimika programu ndogo zisizo huria ambazo vifaa vingi vya Wi-Fi huzihitaji. Matokeo yake ni kwamba mtu asiye na waya wa intaneti, ambaye ndiye sisi, alisimika mfumo kisha akabaki kisiwani. Mara mbili nilishindwa hapo nikarudi kwenye Mint. Waliamua kwa kura mwaka 2022 kulegeza, na kuanzia toleo la 12, la Juni 2023, Wi-Fi yangu ikaamka bila kuombwa. Usafi unaomfungia mlango maskini ni usafi wa kujitazama kwenye kioo.

Tangu wakati huo natumia Debian katika kompyuta ambayo betri yake ilikufa zamani. Umeme ukikatika, inazimika pale pale. Lakini mfumo huu huandika kwanza katika daftari lake mabadiliko anayotaka kuyafanya kwenye mpangilio wa mafaili, ndipo unayafanya. Ukiamka husoma daftari, ukakamilisha au ukaacha. Nimepoteza sentensi, sijapoteza faili. Kila Ijumaa jioni nanunua bando, nausasisha, na kwa wiki nzima hauna neno nami. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini heri ufa wa dakika kumi kwa wiki.

Hapa nifikie kiini cha maoni yangu. Watu husema mfumo fulani hauhitaji matunzo. Si kweli, hakuna wa namna hiyo. Matunzo hayafi, huhamia kwa mtu mwingine. Ukiona maji yanafika kwako safi, ujue kuna mtu juu ya mlima anayekesha. Mwezi Machi 2024 ulimwengu ulipata ushahidi wa kutosha. Programu ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz, iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Akaja mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili kwa upole, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu mashine yake ilichelewa kama nusu sekunde, naye hakukubali kuidharau nusu sekunde hiyo. Mlango ule ulikuwa umefika katika matoleo ya majaribio ya Debian. Haukuwa umefika katika toleo thabiti. Aliyenicheka kwa kutumia programu za zamani hakucheka wiki ile.

Wapo waliolichukua tukio hilo kuwa hoja dhidi ya uhuria. Mimi naona pande zote mbili. Ni uwazi uliomwezesha Freund kufungua maandishi na kuona. Lakini uwazi bila watunzaji ni shamba lisilo na mwenyewe. Yeyote atapita, na si wote watakuja na jembe.

Nasi nyumbani tunalo funzo hilo. Desemba 2004 Dar es Salaam ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupiga hesabu iliyozungumza Kiswahili, kazi ya mradi wa Kilinux uliowaunganisha wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Uswidi. Kwa mwalimu aliyeutetea ufundishaji kwa Kiswahili, ilikuwa habari ya kufurahisha. Mashine ilikuwa imesemeshwa lugha yetu bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Hata hivyo, katika ofisi zote nilizoingia Morogoro, sikumkuta hata mtu mmoja akiitumia. Na leo, katika mfumo wangu huu huu ninaousifu, maneno mengi ninayokutana nayo ni ya Kiingereza. Kosa halikuwa katika kipaji cha waliofasiri. Mradi una mwisho, lakini programu haina mwisho. Kila toleo jipya linataka maneno mapya. Tulisherehekea uzinduzi kama tunavyosherehekea jiwe la msingi, halafu hatukuuliza nani atakuja na jembe mwakani. Katika hilo naweka lawama kwetu sisi walimu wa Kiswahili kabla ya mtu mwingine. Kazi ya kufasiri ilikuwa wazi kwetu, haikuhitaji ufundi, nasi tulikuwa tunabishana kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi.

Oktoba iliyopita nilipigiwa simu na yule mkufunzi wa zamani. Sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya sekondari. Tarehe 14 ya mwezi huo, mwaka 2025, Microsoft ilikuwa imeacha kuitunza Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida, na kompyuta zake za mitumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Alitaka kujua kama azitupe.

"Usizitupe, Mwalimu Mkuu," nikamwambia, naye akacheka kwa cheo nilichompa. Nikamweleza hivi: kama shuleni kuna mtu mmoja mwenye moyo wa kujifunza, weka Debian; kama hakuna, weka Mint; na zile kongwe kabisa, za zama za XP, ziache zipumzike, kwa kuwa hata Debian toleo la 13, la Agosti 2025, limeacha kusimikwa kwenye mashine za namna hiyo. Aweke mfumo mmoja katika kompyuta zote, asichanganye. Achague siku ya kusasisha na aiandike kwenye ratiba kama kipindi. Na kabla ya yote ateue mtu wa kuutunza mfereji, kwa jina, amwandike kwenye orodha ya majukumu, ampunguzie vipindi.

"Na faili likipotea, Mkuu?" aliuliza.

Nilinyamaza kidogo. Nikamwambia atafute nakala, aitazame flashi yake mwenyewe, kisha aitazame tena. Barua iwe ya mwisho.

Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mifumo niliyoipima, ule unaojitembeza kidogo kuliko yote ndio ninaoutumia kuandika kurasa hizi. Mara nyingi nasahau kuwa upo. Wanaousafisha siwajui, wala wao hawanijui. Ijumaa ikifika, maji yanapoanza kuteremka, nawakumbuka.